Ovadraivu ni nini, na kwa nini watu wanalipia mamilioni mkwaruzo wa zamani

Kama ulishawahi kukaa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, asubuhi mapema, unasubiri chai ya mama ntilie huku kiredio chake kinapiga kwa betri ambazo jana alizianika juu ya bati zipate pumzi kidogo, basi ovadraivu unaijua tayari, hujaambiwa tu kama ndo jina lake. Sauti ikiwa chini inatoka vizuri. Sasa upepo wa ziwa unaanza, wapakuaji wa dagaa wanapigiana kelele, mama anazungusha voliumu mpaka mwisho, na mtangazaji anabadilika anakuwa kama mtu wa mafua aliyemeza mchanga. Redio inakoroma. Inadaiwa nguvu ambayo haina, inatoa iliyonayo, inayobaki inakatwa.

Ndo hiyo. Ovadraivu ni kukibana kifaa cha kukuza sauti kipite uwezo wake, na ule mkwaruzo unaotoka hapo. Kwenye redio ni kero. Kwenye gita la umeme watu waliupenda mpaka wakatengenezewa kiboksi cha kuuleta makusudi, cha chuma, unakikanyaga kwa mguu, ndo pedali yenyewe, na vile viboksi vya miaka ya 70 na 80 leo vinasakwa kama redio za mbao za babu zetu, tofauti ni kwamba redio ya babu hakuna anayeinunua kwa milioni.

Ngoja nieleze kinachotokea ndani maana hapa ndo watu wengi wanapotezwa na maneno. Sauti ya gita ikishaingia kwenye waya ni umeme unaopanda na kushuka, wimbi, juu chini juu chini kama yale ya ziwani. Kila amplifaya ina dari, na dari hiyo inatokana na umeme ulioipa, ukiipa volti 9 haitoi wimbi la volti 20 hata uifanyie maombi. Sasa chukua watoto wanarukaruka ndani ya banda. Wakiruka kidogo hakuna neno. Wakizidisha, vichwa vinagonga dari, na hapo inategemea dari ni la nini. Likiwa turubai, kichwa kinalisukuma kidogo, linanyumbuka, mtoto anashuka anacheka, hiyo ndo ovadraivu. Likiwa zege, pa! hiyo distosheni. Na fazi ni lile zege lenyewe limeshushwa mpaka usawa wa kifua na watoto bado wanaruka kwa nguvu zote, wimbi linabaki bapa kama meza. Mipaka ya hayo majina matatu wapiga gita wenyewe wanaigombania kila siku, usijisumbue sana.

Kichwa cha wimbi kikibonyea kuna kitu kinazaliwa. Piga waya wa tano ukiwa wazi, unatetema mara 110 kwa sekunde. Juu ya hiyo 110 gita lina sauti zake ndogondogo, 220, 330, 440, 550, zimejificha nyuma. Ovadraivu inazivuta mbele. Kama dari la juu na la chini (wimbi likishuka nalo lina mpaka wake) ni sawasawa, zinazopata nguvu zaidi ni zile za mara tatu na mara tano, 330 na 550, na kama dari moja ni fupi kuliko lingine zinaingia pia 220 na 440, hapo ndo sikio linasema sauti imenenepa. Noti inakaa muda mrefu pia, kwa sababu vilele vyote vimelinganishwa na dari, noti inafifia huku wewe unaisikia bado ipo.

Ila kinachowamaliza wapiga gita hasa ni mkono. Pedali nzuri ya ovadraivu ukigusa nyuzi polepole inatoka safi, ukikandamiza inanguruma, yaani hasira yako inasikika bila kugusa kitufe chochote. Redio ya Mwaloni nayo iko hivyo hivyo kwa mtangazaji, akinong'ona inaeleweka, akishangilia goli inapasuka.

Mwanzoni hapakuwa na pedali. Palikuwa na amplifaya za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, na ukizifungulia mpaka mwisho zinalainika zenyewe kama turubai. Wengine walikuwa hawana subira, Dave Davies wa kundi la Kinks la Uingereza mwaka 1964 alichukua wembe akaichana spika yake ili ikwaruze, huku kwetu ungechapwa. Fazi ya kwanza kuuzwa madukani, Maestro FZ-1, ilitoka 1962, lakini ile ni nyuki ndani ya kopo. Shida ya valvu ni kwamba utamu wake unakuja ukiwa umefungulia sauti ya kuamsha mtaa, sasa mtu wa nyumba ya kupanga afanyeje? Hapo ndo Wajapani wakaingia. Boss wakatoa OD-1 mwaka 1977, ya njano, vinobu viwili tu, na dari lake la juu na la chini hayalingani. Miaka ya mwisho ya 70 Ibanez wakatoa ya kijani, TS808, Tube Screamer, saketi yake ni kazi ya injinia anaitwa Susumu Tamura, halafu 1982 ikafuata TS9.

Hiyo ya kijani ndo inayoliliwa kuliko zote, na ukiifungua utacheka. Ndani kuna aisii moja, kidude cheusi chenye miguu minane, inaitwa 4558 inayokuza wimbi, na daiodi mbili, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zimeelekezwa kinyume, moja inalinda juu nyingine chini. Daiodi ya silikoni inafunguka umeme ukifika kama volti 0.6, na kwa kuwa zimewekwa kwenye njia ya kurudishia ya ile aisii (inayorudisha sehemu ya sauti iliyokuzwa mlangoni) hazikati ghafla, zinapunguza ukuzaji taratibu, ndo turubai lenyewe. Halafu kabla ya kukwaruza saketi inapunguza besi, kuanzia kama mitetemo 720 kwa sekunde kushuka chini, na baadaye inakata na ukali wa juu, kinachobaki ni sauti ya katikati, ya puani hivi. Ukiwa peke yako chumbani unaiona mbaya. Ukiingia kwenye bendi yenye besi na ngoma, gita linapita katikati yao kama konda anayekusanya nauli.

Na tofauti kati ya TS808 na TS9 ambayo watu wanaibishania kama Simba na Yanga? Resista mbili, vile vidude vya kubana umeme, karibu na mlango wa kutokea sauti. Basi.

Aliyeongeza moto ni mpiga gita Stevie Ray Vaughan wa Texas, alitumia hizi za kijani moja baada ya nyingine, kila toleo, na kila kijana aliyetaka sauti yake akaanza kusaka kiboksi cha mwaka fulani. Halafu kuna pedali ya Klon Centaur ya Bill Finnegan, ilianza 1994 Marekani, zikatengenezwa kama 8,000 hivi, saketi imemwagiwa gundi nyeusi usiione, leo inauzwa maelfu ya dola, hela ambayo huku unapata bodaboda mpya zaidi ya moja na ya mafuta inabaki.

Sisi tuna neno zuri la hali hii, zilipendwa. Ukisema wimbo ni zilipendwa humaanishi tu ni wa zamani, unamaanisha umekuja na watu wake, mtu unakumbuka nyumba, kanga ya mama, redio ilikaa wapi. Sikio halipimi volti, linatafuta rekodi iliyolikuza. Aliyekua na kanda za Vaughan, ile sauti ya puani kwake ndo gita linavyotakiwa kulia, na kitu kipya hata kikiwa kisafi mara mbili atakwambia hakina roho. Mimi siwacheki. Nacheka tu wanaoamini roho imo kwenye tarehe iliyopigwa muhuri ndani ya mfuniko. Kweli vipo vitu vinabadilika na umri, kapasita zinakauka, potensomita zinashika vumbi zinakwaruza ukizungusha, transista za jemaniamu za fazi za zamani zinahama sauti joto likipanda, lakini mengi ya hayo fundi wetu yeyote angeyaita ubovu.

Huku kwetu sasa, tuwe wakweli, ukanda huu wa ziwa haujawahi kuilia TS808, tungeiliaje na hatukuwa nayo. Gita letu ni safi. D.O. Misiani, mtu wa Shirati kule Mara aliyevuka kwenda kuwa mfalme wa benga Kenya, lile solo lake linadondoka kama mvua kwenye bati, noti moja moja unazihesabu, ukiliweka ovadraivu umeliua. Dansi vilevile, magita mawili matatu yanasukana, moja likianza kunguruma mengine yanafunikwa. Wazambia miaka ya 70 walikwenda njia nyingine, bendi kama WITCH zilipiga roki na fazi mpaka ikapewa jina lake, Zamrock, na hao si mbali na sisi. Sisi tulibaki na usafi wetu.

Lakini mkwaruzo tulikuwa nao, bila pedali. Nilianza kupiga rizimu kwenye kwaya, Pasiansi, amplifaya moja inabeba magita mawili, kinanda na maikrofoni ya mwimbishaji, inaendeshwa na jenereta ambayo umeme wake unapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Vitu vinne kwenye dari moja. Kibwagizo kikifika wote tunaongeza, na ile amplifaya inaanza kukoroma, gita langu lilikuwa linatoka na nywele. Mwalimu wa kwaya ananikazia macho, "Kaka, unatuunguzia spika." Mimi moyoni nasema isiishe. Mpaka leo nikisikia kanda zetu za kipindi kile, zilizorekodiwa na redio kaseti iliyowekwa juu ya benchi, kile kibwagizo kinachopasuka ndo kinanisisimua, na upande wa pili wa ile kanda, uliorekodiwa baadaye kwa mashine nzuri, umenyooka kama shati la ofisini. Kwa hiyo nikiona mtu wa Texas anaililia pedali ya kijani, namwelewa, mimi na yeye tunalilia kitu kilichozidiwa, vifaa tu ndo tofauti.

Basi mwaka juzi nikapata TS9 ya mtumba, muuzaji anaapa ni ya zamani kabisa, ya Japani, ina "aisii orijino". Nikaipiga wiki mbili ikaanza kukatakata. (Kwa wenye nazo: pedali nyingi hizi zinataka adapta ya volti 9 yenye pini ya katikati hasi, adapta nyingi za mezani kwetu ni chanya, soma mchoro wa kwenye kibandiko kabla hujachomeka, mimi nyingine nilishaiunguza hivyo.) Nikaipeleka kwa fundi redio mmoja Makoroboi, mzee, meza yake imejaa sabufa zilizokufa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hii nini, chaja ya gari?"

Nikamweleza, nikamwambia na historia yake yote, Japani, Texas, bei. Alisikiliza huku anafungua skrubu nne. Akaweka miwani, akasoma aisii, akanitazama kwa huruma kidogo.

"Hii 4558? Hii si ndo ipo kwenye toni ya sabufa. Hii ninazo."

Akavuta sabufa moja isiyo na mfuniko, akanionyesha kwenye kisaketi cha besi na trebo, miguu minane, JRC 4558D, maandishi yale yale. Nikabisha kidogo, nikamwambia hiyo yangu ni orijino. Hakubishana, akainyofoa yangu akaweka soketi, akachomeka ile ya sabufa, nikaunganisha gita kwenye spika yake ya kujaribia, nikapiga. Ikanguruma vizuri tu, laini, ukigusa polepole inasafika. Akarudisha yangu, nikapiga tena. Nikafumba macho, yeye akawa anabadilisha bila kuniambia, nikabahatisha, nikakosea, nikabahatisha tena nikapata, kijana wake wa pembeni anacheka. Kumbe ile kukatakata ilikuwa ni jeki tu imelegea, akaichomelea.

Nikamlipa. Nikamwambia sasa niwekee ile yangu, ile orijino, tumalize. Akaangalia mezani, akaangalia kwenye soketi, akafungua kopo la dawa ya viatu analowekea aisii alizonyofoa, akaligeuza juu ya kiganja. Zilitoka kumi na kitu, zote zimeandikwa JRC 4558D.

"Chagua," akaniambia.