Siku ya Kutajwa na Siku ya Kusikizwa

Mama mmoja wa Kisauni alikuja katika Mahakama ya Watoto ya Tononoka, Mombasa, na mashahidi watatu, mmoja wao akiwa amefunga kibanda chake cha viazi karai tangu alfajiri. Walingoja hadi saa tano, na kesi ya mwanawe ilipoitwa haikuchukua dakika mbili. Ilikuwa siku ya kutajwa tu, ambapo hakimu huuliza kama taarifa za mashahidi zimekabidhiwa na ripoti zimewasili, kisha hupanga tarehe. Mashahidi huhitajika siku ya kusikizwa.

Siku ambayo mimi, kama wakili, humsihi mzazi asiikose ni ile ya kwanza, ya kusomewa mashtaka. Karani husoma, kisha huuliza kama ni kweli au si kweli, na mtoto mwenye hofu huitikia "ndiyo" akidhani ameulizwa kama ameelewa. "Ndiyo" hiyo yaweza kuandikwa kuwa amekiri. Akikiri, husomewa maelezo ya tukio na kuulizwa tena, na hata baadaye, kabla ya uamuzi wa mwisho kutolewa, anaweza kuomba kubadili jibu lake, ingawa ni heri asifikishwe huko.

Siku hiyohiyo huzungumziwa dhamana. Mzazi aje na kitambulisho chake pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa maana chini ya Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na asiyefika 14 huchukuliwa hana uwezo wa kutofautisha jema na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cheti kisipokuwepo, mtoto hupelekwa kwa daktari akapimwe umri.

Kesi inaposikizwa, upande wa mashtaka hutangulia, na mzazi atakayetoa ushahidi hukaa nje mpaka aitwe. Hakimu akisema mtoto ana kesi ya kujibu, wengi huangua kilio wakidhani kesi imekwisha. Maana yake ni kwamba sasa ni zamu yake kujitetea, au kunyamaza akipenda.

Ikithibitika kwamba alitenda kosa, hafungwi jela. Kabla ya kutoa amri, hakimu huweza kumtuma afisa wa probesheni nyumbani akachunguze maisha ya mtoto. Akibisha hodi, aelezwe hali ilivyo, hata kama baba alihama zamani, kwani ripoti yake itasomwa mahakamani na majirani nao huenda wameulizwa.