Ugonjwa sugu wa mirija ya nyongo na hofu ya saratani ya kongosho

Swali: Mama yetu, mkaazi wa Wete, ameambiwa ana ugonjwa sugu wa mirija ya nyongo wenye makovu. Watu wametutia hofu kuwa mwisho wake ni saratani ya kongosho. Ni kweli?

Jibu: Hatari ipo, lakini si kwa namna mlivyoelezwa. Katika ugonjwa huu mirija inayotoa nyongo kwenye ini huvimba, huota makovu na kuzidi kubana kila mwaka ukipita. Saratani inayoogopewa zaidi ni ya mirija yenyewe, ambayo huwapata takriban wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 maishani mwao. Uchunguzi uliofanywa Sweden uliikuta na saratani ya kongosho kwa wagonjwa hawa zaidi kuliko kwa watu wengine. Hata hivyo saratani hiyo ya kongosho ni adimu, na wengi wenye ugonjwa wa mirija hawafikwi nayo.

Swali: Nyongo na kongosho vinakutana wapi?

Jibu: Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mfereji mkuu wa nyongo, kabla ya kumimina katika utumbo mwembamba, hupita ndani ya kichwa cha kongosho, na mara nyingi mifereji ya viungo hivi viwili humalizikia kwenye tundu moja. Kwa hiyo uvimbe mdogo ulioota kichwani mwa kongosho huweza kuubana mfereji wa nyongo na kumfanya mtu awe manjano kabla hajasikia maumivu yoyote. Kwa mgonjwa aliyekwishazoea umanjano huo, ni rahisi mno, kwake na hata kwa wanaomtibu, kudhani kuwa ni ugonjwa ule ule wa zamani. Naliogopa kosa hilo kuliko ninavyoiogopa takwimu yoyote.

Swali: Michango je? Huku Pemba tunaambiwa huingia hadi kwenye nyongo.

Jibu: Huingia kweli, na huweza kuziba mirija na kuleta homa kali. Lakini haijulikani kuwa husababisha saratani ya kongosho.

Swali: Tumpeleke hospitali lini?

Jibu: Mpelekeni mara muonapo macho yamezidi umanjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, choo kimepauka, mwili unawasha au uzito unapungua bila sababu. Kisukari kinachoanza ghafla kwa mtu mzima anayekonda nacho kitajwe kwa daktari. Umanjano ukiambatana na homa na kutetemeka, aende siku hiyo hiyo, kwani mirija iliyoziba ikiingia vijidudu huweza kuua haraka. Msingoje maumivu, wala msimalize wiki kadhaa kwa dawa za miti. Anaweza kuanzia hospitali ya Wete au Abdulla Mzee iliyopo Mkoani, na ikihitajika atapewa rufaa kwenda Mnazi Mmoja, Unguja.

Swali: Kipimo cha damu kinatosha?

Jibu: Hakitoshi. Kile kiitwacho CA 19-9 hupanda pia mirija inapoziba bila saratani, kwa hiyo majibu yake husomwa pamoja na picha za ultrasaundi, CT au MRI. Kila aendapo achukue karatasi na picha zake zote za nyuma, kwa sababu mbano mpya hutambulika kwa kulinganishwa na ile ya zamani.