Mfungaji bora wa sekondari si lazima atambe chuoni

Wengi wanaofuatilia mpira wa kikapu wa Marekani huamini kwamba kijana anayefunga pointi 30 kila mechi sekondari atatamba pia chuo kikuu. Imani hiyo inaeleweka. Pointi ndizo zinazoonekana kwanza.

Ila pointi hizo hutegemea sana nani alikuwa akimkaba. Kijana wa sentimita 198 anaweza kukaa chini ya kikapu na kufunga juu ya vichwa vya walinzi wafupi msimu mzima. Chuoni urefu huo ni wa kawaida kabisa. Atalazimika kutupa kutoka mbali, na mstari wa pointi tatu nao umesogea kutoka mita 6.02 za sekondari hadi 6.75 za chuo.

Ukitaka kupima mwenyewe, tazama mechi nzima, si vile vipande vya video vyenye madanki matupu, yaani kuruka na kuushindilia mpira kikapuni kwa mkono. Anafanya nini asipokuwa na mpira? Pointi 30 kwa mitupo 35 si sawa na 30 kwa mitupo 18. Kisha angalia mitupo huru, ile anayopewa mchezaji baada ya kufanyiwa faulo: mstari wake ni ule ule kotekote, mita 4.6, na hakuna anayemkaba. Mimi huiamini kuliko wastani wa pointi, ingawa haisemi lolote kuhusu ulinzi wake.