Paka mwoga nyumbani kwenye watoto: mwacheni aje mwenyewe

Hapa Lamu paka tumemzoea barazani, gatini na chini ya meza ya muuza samaki. Mtu akimwokota mmoja aliyejeruhiwa, humpeleka nyumbani akiamini huruma itatosha. Watoto hushangilia, kila mmoja anataka kumpakata. Magharibi ikifika, paka yuko uvunguni mwa kitanda na mtoto ana mikwaruzo mkononi. Wazazi huja kliniki yetu ya wanyama wakituambia paka huyu ni mkali. Mara nyingi ana hofu tu.

Mtoto wa paka huzoea binadamu kwa urahisi akiwa na umri wa wiki 2 hadi 7 hivi. Aliyekosa mikono ya watu wakati huo, au aliyerushiwa mawe ukubwani, humwona mtoto kuwa hatari: anakimbia, anapiga kelele, haijulikani atafanya nini. Tena paka husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Fikiria basi ukelele wa mtoto ukivuma kwenye kuta za mawe.

Siku za kwanza mpeni chumba kimoja kilichotulia. Wekeni chakula na maji, beseni la mchanga kando kabisa na chakula, na boksi lililolazwa ubavu ajifiche. Asivutwe kutoka mafichoni. Watoto wakienda chuoni kusoma Kurani, fungueni mlango azunguke nyumba apendavyo.

Kazi kubwa ni kuwafunza watoto. Mtoto akae kitako mkekani, ampe paka ubavu, asimkodolee macho, kwani kwa paka kukodolewa ni kutishwa. Mkubwa kidogo anaweza kudurusu juzuu yake kwa sauti ya chini, huku ameweka mbali kidogo kipande cha samaki wa kuchemsha, bila miba wala chumvi. Paka akisogea kunusa vidole, ampapase shavu na kidevu mara mbili tu, kisha aondoe mkono. Tumbo na mkia visiguswe. Paka akiondoka, asifuatwe. Sharti hili huvunjwa zaidi na sisi wakubwa: tunamkamata paka na kumweka mapajani mwa mtoto ili wazoeane. Mara moja tu hivyo, na subira ya wiki nzima imepotea.

Masikio yakilala, mboni zikitanuka, mkia ukipigapiga au mwili ukijikunyata, mtoto aache papo hapo. Na aliye chini ya miaka 5 asiachwe peke yake na paka, hata kwa dakika moja.

Mchanjeni paka mapema. Akimuuma au kumkwaruza mtoto, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona.

Paka aliyekua bila watu pengine hatazoea nyumba. Huyo ahasiwe, apone, arudishwe alipokuwa akilishwa.

Wengine huhitaji muda tu. Jike mmoja wa mtaa wa Mkomani alikaa siku 19 nyuma ya sanduku la nguo. Siku ya 20, binti wa nyumba akidurusu, alitoka akajilaza ukingoni mwa mkeka. Binti hakunyoosha mkono, aliendelea kusoma.