Je, wajua? Kwa nini Civita di Bagnoregio huingiwa kwa miguu tu

Miji mingi midogo ya kale nchini Italia imezuia magari ya wageni kwa amri ya manispaa: kibao kimesimamishwa, kamera imefungwa, na anayekaidi hufuatwa na faini mpaka nyumbani. Civita di Bagnoregio, kilomita zipatazo 120 kaskazini mwa Roma, haikuhitaji amri. Ardhi iliyokuwa ikibeba njia ya kuingilia iliporomoka. Leo mji umebaki juu ya mwamba katikati ya bonde, na mgeni huufikia kwa daraja jembamba la zege, la mita kama 300, lililojengwa mwaka 1965 kwa ajili ya waendao kwa miguu. La awali lilikuwa limelipuliwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Ardhi hiyo ilikwenda wapi? Waetruski, waliokaa sehemu hizi kabla ya Warumi kushika hatamu, walijenga hapa yapata miaka 2,500 iliyopita. Kilima kiliwafaa: juu bapa, kando magenge matupu, adui anaonekana angali mbali. Tatizo ni kwamba kilima chenyewe kina matabaka mawili yasiyopatana. La juu ni tufo, jiwe lililotokana na majivu ya volkano. Jiwe hili huchongeka kirahisi, ndiyo maana chini ya nyumba kumejaa mapango yaliyotumika kama maghala na vinu vya kukamulia zeituni. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi, ambao zamani sana ulikuwa sakafu ya bahari.

Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye nyufa za jiwe hadi yakutane na mfinyanzi, na hapo hukwama. Mfinyanzi hulowa, hulainika, huteleza. Huko bondeni vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, navyo vinakula kitako cha kilima. Jiwe likikosa pa kukalia hupasuka wima, likashuka na chochote kilichojengwa juu yake. Tetemeko la ardhi la mwaka 1695 lilizidisha mambo: askofu na wakuu wa mji walihamia mtaa wa jirani, ambao ndio Bagnoregio ya leo, na watu wakawafuata kidogo kidogo.

Haya yote unaweza kuyaona kwa macho, mradi usiwe na haraka. Mwisho wa daraja kuna mpando mkali. Vuta pumzi, kisha pita lango lililotobolewa kwenye mwamba, lenye simba wa mawe wanaokamata vichwa vya watu. Ukishaingia tu, tazama ukuta wa lililokuwa jumba la matajiri. Mlango upo, madirisha yapo, lakini ndani ya madirisha hayo unaona mbingu. Sehemu kubwa ya jumba ilikwishaanguka bondeni, ukabaki uso wake. Nyumba alimozaliwa Mtakatifu Bonaventura, Mfransisko mashuhuri wa karne ya 13, nayo ilikwenda na genge. Kwangu mimi, ukuta ule unaeleza mmomonyoko kuliko mchoro wowote wa wanajiolojia.

Kuhamwa huko, kwa upande mwingine, ndiko kulikouhifadhi mji. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kubomoa nyumba ya kale ili ajenge ghorofa mahali ambapo kila gunia lilipandishwa kwa punda. Waitalia huuita “mji unaokufa”, jina ambalo naona limechangamka kibiashara: wakazi wa kudumu ni wachache mno, lakini wageni huja kwa malaki kila mwaka. Tangu 2013 kila mgeni hulipa kiingilio, kilichoanza na yuro moja na nusu na baadaye kikapanda hadi yuro tano.

Wahandisi wanaendelea kuufunga mwamba kwa vyuma na kupima unavyosogea. Kuyaelekeza maji ya mvua pengine ndiyo kazi iliyo muhimu zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayoanza yote. Ukipanga kwenda, fika asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu, na vaa viatu visivyoteleza, maana daraja halina kivuli wala pa kujikinga na upepo, na mawe ya mpando yakilowa hayana huruma.