Kumbukumbu za korosho kwenye wingu: nakala ngapi zinatosha?

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) kule Tandahimba hana nafasi ya kusubiri. Gunia limepimwa, linaingia ghalani, mkulima anataka stakabadhi yake. Hifadhidata ikizimika kwa saa mbili tu, foleni inafika barabarani.

Wauzaji wa huduma za wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, hutaja asilimia ya muda ambao mfumo utakuwa hewani. Asilimia 99.9 maana yake mfumo unaweza kuzimika karibu saa 9 kwa mwaka, 99.99 ni dakika 53 hivi. Tofauti hiyo inalipiwa, tena si haba. Sisi wa tehama humwuliza mhasibu kwanza: saa hizo 9 zikiangukia Aprili, nani ataumia? Na zikiangukia siku ya mnada?

Data ya msimu unaoendelea ikae kwenye seva tatu, kila moja jengo lake. Kwa nini tatu? Seva hizi huamua kwa wingi wa kura: moja ikianguka, mbili zilizobaki bado ni wengi na kazi inaendelea. Zikiwa mbili tu na zikapotezana, hakuna ajuaye ipi ina rekodi sahihi. Penye fedha kidogo, ya tatu iwe ndogo, shahidi wa kupiga kura asiyebeba data. Ila mjue nakala kamili zimebaki mbili.

Misimu iliyopita haidai hayo yote. Nakala tatu hula nafasi mara tatu. Hadoop, programu ya kuhifadhi data nyingi kwenye seva kadhaa, tangu toleo la 3, inaweza kugawa data vipande 6 na kuongeza 3 vya kurejeshea; vipotee vitatu vyovyote, data inarudi, na nafasi iliyoliwa ni mara moja na nusu.

Nakala hizi za seva si chelezo (backup, data ya akiba iliyowekwa pembeni), na hapa wengi huumia. Karani akifuta kwa bahati mbaya rekodi za kijiji kizima, nakala zote hufuta naye. Chelezo ikae kwenye akaunti nyingine, na kabla ya Oktoba irejesheni kwa vitendo, mpime inachukua muda gani.

Halafu kuna njia yenyewe. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikasumbua nchi nzima. Seva yaweza kuwa nzima kabisa huko Cape Town, na Newala msiione. Programu ya mizani ihifadhi kwanza kwenye kompyuta ya ghalani, itume mtandao ukirudi, kila mzigo na namba yake isiyojirudia ili usihesabiwe mara mbili. Kwa huku kwetu Mtwara, ningeanza na hili kabla ya kununua seva ya tatu.