Je, wajua kwa nini kuwinda siku ya Jumapili kulikuwa kosa huko Pennsylvania?

Mpaka majuzi, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mtu aliweza kumpiga risasi kulungu Jumamosi jioni na majirani wakaja kumpongeza. Akirudi kesho yake asubuhi mahali palepale, na bunduki ileile na leseni ileile mfukoni, askari wa wanyamapori anamwandikia faini. Kilichobadilika ni siku ya wiki tu. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya karne mbili, ikalegezwa mwaka 2019, ikaondolewa Julai 2025. La kushangaza ni kwamba miaka ya mwisho waliosimama kidete kuitetea hawakuwa hasa wachungaji wala mapadri, bali wakulima, watembea msituni na wapanda farasi.

Kwanza tuelewane jambo moja. Marekani haina sheria moja ya uwindaji. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, uamuzi ulitoka Nairobi ukashika nchi nzima. Kule, wanyama wengi wa porini husimamiwa na jimbo walimo. Serikali kuu inashika wachache tu, kama ndege wanaohamahama. Kulungu akivuka mpaka kutoka Pennsylvania akaingia Ohio, amekwisha kubadilishiwa sheria bila kujua, maana Ohio ilifungua Jumapili miaka mingi kabla. Ndiyo sababu miswada ya uwindaji, ya farasi na ya ustawi wa wanyama hujadiliwa kwenye mabunge ya majimbo, na kila jimbo hutoka na lake.

Chimbuko la marufuku ni dini. Pennsylvania iliasisiwa na William Penn, mfuasi wa madhehebu ya Quaker, na tangu mwanzo watu walitakiwa kupumzika siku ya Bwana. Sheria ya mwaka 1794 ilikaza zaidi: ukifanya kazi ya kidunia Jumapili, au ukiwinda, ukifyatua bunduki au ukicheza michezo ya kujifurahisha, faini ni dola 4, na usipolipa unafungwa siku 6. Kwa pesa za enzi hizo, dola 4 hazikuwa mchezo.

Sheria hizo za Sabato zilianza kumomonyoka katika karne ya 20. Mwaka 1933 wabunge waliruhusu besiboli ya Jumapili, mradi wakazi wa mji husika wapige kura ya kukubali. Uvuvi ukafunguliwa, maduka nayo yakafunguliwa. Kuna kesi moja naipenda kwa udogo wa mambo yake: katika jimbo jirani la Maryland, wafanyakazi wa duka kubwa walishtakiwa kwa kuuza Jumapili jalada la kuwekea karatasi, kopo la nta ya sakafu, stepla na pini zake, na kitu cha kuchezea watoto. Kesi ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1961 majaji wakasema sheria za Jumapili zinaruhusiwa kikatiba, kwa hoja kwamba hata kama zilizaliwa kanisani, sasa kazi yake ni kuwapa watu wote siku moja ya mapumziko. Mpaka leo Pennsylvania hairuhusu kuuza magari Jumapili. Bia unapata, gari hupati.

Sasa swali lenyewe: kwa nini uwindaji ulibaki umefungwa wakati karibu kila kitu kimefunguliwa? Kwa sababu marufuku ilipata wenyewe wapya.

Wa kwanza ni wakulima. Sehemu kubwa ya ardhi ya Pennsylvania ni ya watu binafsi, na wakulima wengi huwaachia wawindaji waingie mashambani mwao bure. Kulungu hula mahindi na soya, kwa hiyo mwindaji ni mgeni anayekaribishwa. Lakini siku sita zinatosha, ndivyo walivyosema. Kwa miaka mingi chama chao, Pennsylvania Farm Bureau, kilipinga kila muswada wa kufungua Jumapili, na baadhi ya wanachama walionya kwamba wakilazimishwa siku ya saba watafunga mashamba wiki nzima. Wabunge wa vijijini waliusikia ujumbe huo vizuri.

Wa pili ni wapanda farasi, na hapa ndipo pananivutia zaidi. Jimbo lina misitu maalum ya wanyamapori yenye zaidi ya ekari milioni 1.5, iliyonunuliwa kwa sehemu kubwa kwa fedha zinazotokana na wawindaji. Mwenye nyumba hapo ni mwindaji. Wengine ni wageni. Kwa miaka mingi kanuni ilisema hivi: kuanzia Jumamosi ya mwisho ya Septemba hadi Jumamosi ya tatu ya Januari, huruhusiwi kupanda farasi wala baiskeli kwenye njia za misitu hiyo, isipokuwa Jumapili. Majira ya kuchipua, bata mzinga wanapowindwa, farasi husubiri hadi saa saba mchana, isipokuwa Jumapili. Yaani katika miezi ambayo hali ya hewa ni nzuri na majani yamegeuka rangi, mpanda farasi alipewa siku moja, nayo alipewa kwa kuwa siku hiyo bunduki zimelala.

Farasi kwa asili ni windo la wanyama wengine, na silaha yake ni mbio. Bunduki ikilia nyuma ya kichaka huruka pembeni kabla aliye kwenye tandiko hajajua kimetokea nini. Tena farasi wa kahawia akionekana nusu kati ya miti mwezi Novemba, jicho lenye haraka linaweza kumdhania kulungu. Ndiyo maana wanaopanda farasi msimu huo huvaa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, humfunika farasi kitambaa cha rangi hiyohiyo nyuma ya tandiko, na wengine humfunga kengele ndogo ili asikike kutoka mbali. Mwindaji mwenyewe, wakati wa msimu wa bunduki wa kulungu, lazima awe na inchi za mraba 250 za chungwa kichwani, kifuani na mgongoni, aonekane kutoka kila upande.

Upande wa pili, wawindaji nao walikuwa na malalamiko ya haki. Mtu anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa alibakiwa na Jumamosi tu, na mtoto anayesoma vivyo hivyo. Kuanzia 1963 msimu wa bunduki wa kulungu ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo kwa sababu ya kulungu. Mwaka 2019 ufunguzi ukahamishiwa Jumamosi. Idadi ya leseni ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya milioni moja miaka ya 1980 hadi chini ya laki tisa. Hilo si jambo dogo, maana Tume ya Wanyamapori ya jimbo haiendeshwi kwa kodi za kawaida. Inategemea leseni, mapato ya ardhi yake, na fungu la kodi ya serikali kuu kwenye bunduki na risasi, linalogawiwa majimbo kwa sheria ya mwaka 1937. Mwindaji akikata tamaa, msitu unakosa mlipaji.

Basi wakakaa mezani. Sheria ya Novemba 2019 ilitoa Jumapili tatu tu kwa mwaka: moja ya upinde na mishale, moja ya bunduki, na moja ya kuchaguliwa na Tume. (Kabla ya hapo wanyama waliowindwa Jumapili walikuwa wachache, kama mbweha, koyote na kunguru. Kunguru hata huko hana mtetezi.) Wakulima nao hawakuondoka mikono mitupu: anayewinda Jumapili kwenye ardhi ya mtu ilibidi awe na ruhusa ya maandishi, na adhabu ya kuvamia ardhi ikaongezwa. Mwaka huohuo ikapita sheria nyingine, ya rangi ya zambarau. Badala ya kupigilia mabango ya "hairuhusiwi kuingia" yanayong'olewa na upepo, mwenye shamba anapaka kwenye mti mstari wima wa zambarau, usiopungua inchi 8 kwa urefu na inchi moja kwa upana, kati ya futi 3 na 5 kutoka ardhini. Ukiuona, rudi ulikotoka.

Baada ya miaka michache Farm Bureau ikaacha kupinga, na tarehe 9 Julai 2025 Gavana Josh Shapiro akasaini muswada uliowasilishwa na mbunge Mandy Steele. Tume ikapewa uhuru wa kupanga Jumapili yenyewe, na papo hapo ikatangaza 13, kuanzia Septemba 14 hadi Desemba 7. Ukizilinganisha na kalenda ya farasi utaona nyingi zinaangukia kwenye zilezile ambazo mpanda farasi aliambiwa ni zake. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyepoteza zaidi, maana mkulima alilipwa kitu mezani.

Na wanyama wenyewe? Watetezi wa wanyama walisema pori lipewe walau siku moja ya kupumua. Inagusa moyo, ila kwa hesabu haina uzito sana. Mwindaji wa Pennsylvania anaruhusiwa dume mmoja mwenye pembe kwa mwaka, na vibali vya majike hutolewa kwa idadi maalum kila eneo. Anayemaliza kibali chake Jumapili hana cha kuwinda Jumatatu. Idadi hulindwa na vibali kuliko siku.

Majimbo mengine yalitafuta njia zao. Virginia ilifungua ardhi binafsi mwaka 2014 lakini ikakataza kuwinda ndani ya yadi 200 za nyumba ya ibada, pia kuwinda kulungu au dubu kwa mbwa Jumapili. North Carolina mwaka 2015 iliruhusu, ila bunduki zinyamaze kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, watu wakiwa kanisani. Maine imegoma kabisa. Huko wenyeji walitumia kifungu cha katiba cha mwaka 2021 kuhusu haki ya chakula, wakidai marufuku inawanyima nyama; mwaka 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikawaambia kifungu hichohicho kimeacha nje ujangili, na kuwinda siku iliyokatazwa ni ujangili.

Kwa hiyo msomaji uliyeko Portland, Maine, Jumapili yako ya kutembea msituni bado iko. Uliyeko Lancaster au Erie, Pennsylvania, ukitoka baada ya ibada kwenda kupunga upepo mwezi Novemba, angalia kwanza ratiba ya Tume, kisha mvalishe kila mtoto chungwa.